Mifuko ya Dharura ya Darasa la Tatu

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache, na akishayasema hayarudi nyuma. Siku alipomkubalia yule mwanafunzi wa chuo kuja kujitolea shuleni kwake, alimwambia hivi:

"Nakupa kipindi cha kwanza cha kila Jumatano, darasa la tatu. Wafundishe hayo mambo yako ya moto na mafuriko. Lakini siku mzazi mmoja tu atakapokuja kwangu kulalamika, kipindi kinarudi kwenye hisabati, na wewe unarudi ulikotoka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu."

"Usiwe mwepesi hivyo wa kuelewa. Hujawaona wazazi."

Mwanafunzi huyo alikuwa mwaka wa pili, akisomea kukabiliana na maafa. Shule mbili zilikuwa zimekwisha kumkataa. Mkuu wa shule ya kwanza alimwambia kwamba watoto wake wanakimbia vya kutosha. Wa pili alimwomba arudi baada ya ajali kutokea, kwa kuwa hapo ndipo watu watakapokuwa na hamu ya kumsikiliza. Shule hii ya tatu ndiyo pekee iliyobaki ambayo angeweza kuifikia kwa miguu kutoka kwa mama yake mdogo, alikokuwa akiishi. Mama mdogo naye alikuwa ametoa hukumu yake mapema. Kukimbiza watoto wa watu bila mshahara, alisema, ni kazi ambayo hata mbwa wa jirani anaifanya.

Watoto walimwita Mwalimu Filimbi, kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni, na yeye alikuwa amewapenda mpaka basi. Siku za mwanzo, filimbi ilipolia, nusu ya darasa ilipita dirishani na nusu nyingine ilijificha chini ya madawati ikicheka. Sasa mambo yalikuwa yamebadilika. Filimbi ikilia, watoto waliacha kila kitu pale kilipo, wakapanga mstari, wakatoka kwa mlango mpaka kwenye nyasi za nje. Wiki iliyopita hakuna hata mmoja aliyerudi kufuata kiatu. Mwalimu Filimbi alikwenda nyumbani siku ile akiimba njia nzima, na watu waligeuka kumtazama.

Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika, mwishoni mwa kipindi hicho hicho, naye hakuwa na habari.

Alitaka kuwaagiza waandae mfuko wa dharura. Ni ule mfuko unaokaa karibu na mlango, wenye maji, tochi, dawa na nakala za vyeti, ili siku mambo yakiharibika familia iunyakue na kutoka. Angeweza kuyasema hayo kama yalivyo. Lakini chuoni alikuwa amefundishwa kwamba mtoto hapewi jibu, bali huongozwa mpaka alifikie mwenyewe. Basi akawaongoza.

"Angalieni vizuri nyumbani kwenu," aliwaambia. "Ni kitu gani ambacho familia yenu haiwezi kukaa bila hicho hata siku moja? Kitieni kwenye mfuko, mje nacho Jumatano ijayo."

Mkono mmoja ukanyooshwa. Ulikuwa wa Karani, mjukuu wa Mwalimu Mkuu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna neno lililompita bila kuliandika.

"Tuwaambie watu wa nyumbani?"

"Kwani dharura hutoa taarifa?"

"Haitoi," darasa zima likaitikia.

Yeye alikuwa anatania. Watoto hawakujua kwamba ni utani, na yeye hakujua kwamba hawajui.

Jumatano ilipofika, alikuta mifuko imepangwa juu ya madawati kwa utulivu wa kupendeza. Nyuma kabisa ya darasa, kwenye dawati la mvulana aliyeitwa Profesa, aliketi bibi mmoja mnene, amejifunga mtandio mpya, mkoba magotini. Mwalimu Filimbi alidhani ni mlezi aliyekuja kuangalia somo. Alifurahi. Alimwamkia kwa heshima, naye akaitikia kwa sauti iliyojaa chumba.

"Haya," mwalimu alisema, "nani aanze kutuonyesha?"

Aliyeanza ni Bondia, mtoto mdogo kuliko wote na mwenye maneno kuliko wote. Alifungua mfuko wa nailoni, akatoa rimoti ya televisheni, akaiinua juu.

Mwalimu aliitazama. "Bondia, kwa nini rimoti?"

"Ikipotea hii, mwalimu, makochi yote yanapinduliwa. Siku ile imepotea, baba alikataa kula."

"Ninyi mlikula?"

"Sisi tulikula. Chakula chake pia."

Darasa likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Alidhani ni mtoto mmoja tu aliyeelewa vibaya. Kila darasa lina wake. Alimgeukia msichana wa dawati la mbele, ambaye mama yake alikuwa na duka la mikate kona ya barabara, na ambaye kwa hiyo aliitwa Mkate. Mkate akamwaga mezani shada zima la funguo.

"Mama anasema bila duka tutakufa njaa," alieleza. "Duka halikuingia mfukoni."

"Hizi ndizo funguo za duka?"

"Ndiyo."

"Na mama sasa hivi yuko wapi?"

Mkate alifikiri kidogo. "Nafikiri yuko nje ya duka."

Mwalimu alipita dawati hadi dawati, na kila mfuko uliofunguka ulimwongezea mzigo moyoni. Mmoja alileta bobini ya cherehani ya mama yake. Mwingine alileta kifuniko cha tangi la mafuta la pikipiki ya kaka yake, akaeleza kwamba pikipiki yenyewe alishindwa kuisukuma. Mtoto mmoja mpole, asiyesikika akiongea mara kwa mara, aliyeitwa Kimya, alimsogezea kikombe cha plastiki chenye kifuniko. Mwalimu alifunua. Ndani, majini, meno ya bandia yalikuwa yakimchekea.

"Ya babu," Kimya alinong'ona.

Mwalimu alifunika upesi. Babu huyo alimfahamu, kama mtaa mzima ulivyomfahamu. Alikuwa mzee nadhifu aliyekaa nje ya kinyozi kila asubuhi, akitabasamu kwa wapita njia na kuwasimanga vijana kwa meno yao mabovu. Mimi, alipenda kusema, sijawahi kung'oa hata moja.

"Hebu nami nione hicho kikombe," sauti ilitoka nyuma ya darasa.

"Hakina kitu, bibi."

"Mwanangu, nimeona kwa macho yangu. Mimi naona mbali, karibu ndiyo sioni. Na meno hayo nayajua. Yananikenulia kila nikienda sokoni."

"Bibi, tafadhali. Hiyo ni siri ya mtu."

"Nimesema nitaitangaza? Nimesema nione."

Hapo mwalimu alikumbuka kuuliza jambo ambalo alipaswa kuliuliza mwanzoni. "Profesa, mfuko wako uko wapi?"

Profesa alisimama wima, kama afanyavyo kila anapojibu. Akamwonyesha bibi kwa mkono. "Hakuingia, mwalimu. Nimemleta hivi hivi."

"Baba yake husema nyumba ile haiendi bila mimi," bibi alieleza, na furaha yake ilionekana mpaka mabegani. "Nilidhani ni maneno tu ya kunipa nikae na watoto. Kumbe mwenzangu huyu aliyatia maanani."

Mwalimu alikuwa bado hajajua acheke au alie, pale Karani alipomvuta mkono wa blauzi. Kiganjani mwake kulikuwa na miwani yenye fremu nyeusi. Shule nzima iliijua miwani hiyo.

"Bibi yangu hawezi kukaa bila hii," Karani alisema. "Akiivua anasalimia kabati."

Mwalimu Filimbi aliketi. Kipindi chake kilikuwa kinamponyoka, na aliyekuwa na mamlaka ya kukichukua ndiye wa kwanza kuibiwa. Tena Mwalimu Mkuu hakuwa amewahi kukiri kwa mtu yeyote kwamba anaihitaji miwani hiyo. Alikuwa akiwaambia walimu wenzake kwamba anaivaa kwa ajili ya heshima tu, kwa sababu watoto humwogopa zaidi mtu mwenye miwani.

Mwalimu Filimbi alichungulia dirishani. Getini mlinzi alikuwa akibishana na mwanamke aliyevaa aproni yenye unga. Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini. Huyo alikuwa baba wa Bondia, dereva wa zamu ya usiku, ambaye hurudi asubuhi na kutazama mpira alioukosa. Na pembeni kabisa alikuwapo babu wa Kimya, leso mdomoni.

"Bibi," mwalimu alisema, "naomba unishikie darasa dakika chache."

"Na kikombe?"

"Kikombe nakwenda nacho."

Alitoka mbio, meno mkono mmoja, miwani mkono wa pili, Karani nyuma yake. Njiani mpango mmoja ulimjia, nao ulikuwa mtamu. Angeingia, angejifanya anatafuta chaki, angeitelezesha miwani chini ya gazeti, kisha angeondoka. Mwalimu Mkuu angeiona, angejilaumu kwa usahaulifu, na mambo yangeishia hapo.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi nusu. Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi mezani, anaisoma ratiba ya shule kwa umakini mkubwa. Ratiba ilikuwa kichwa chini.

"Ni nani hapo?" aliuliza, akitazama upande wa kabati.

Mwalimu Filimbi alimtazama Karani. Karani alikuwa ameshika penseli tayari, anangoja kuona kitakachotokea ili akiandike. Ule mpango mtamu ukayeyuka. Atamfundishaje mtoto huyu Jumatano nyingine kutoa taarifa ya kweli, ikiwa leo amemwona mwalimu wake akifukia miwani chini ya gazeti?

"Ni mimi, mwalimu. Nimeleta miwani yako. Ilikuwa darasani kwangu. Niliwaagiza watoto walete kitu ambacho nyumbani hakikosekani, nami sikuwaeleza vizuri. Kosa ni langu, si la mtoto."

Mwalimu Mkuu aligeuza uso kutoka kabatini, akaielekea sauti.

"Miwani gani? Hii ya heshima?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilikuwa hata sijagundua kwamba haipo." Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono, akaipokea, akaivaa. Akaitazama ratiba. Kisha, bila haraka yoyote, akaigeuza. "Yupo mzazi aliyelalamika?"

"Bado."

"Bado," Mwalimu Mkuu alirudia. "Na hicho kikombe ni cha nini?"

"Nacho ni cha mtu, mwalimu. Naomba nisikueleze."

Kabla hajaulizwa zaidi, kelele zilianza kusikika ukumbini. Mlinzi alikuwa ameshindwa. Mwalimu Mkuu alisimama, akanyoosha sketi yake, akatoka kuwakabili. Wote walianza kusema kwa pamoja, isipokuwa mzee mwenye leso.

"Hapa si sokoni," Mwalimu Mkuu aliwaambia. "Malalamiko nitayasikiliza pale pale jambo lilipotokea. Kila mtu atasema amechukuliwa nini, mbele ya wote, nami nitaamua. Twendeni darasani."

Mwalimu Filimbi alifuata nyuma. Aliona hisabati ikija.

Darasani walimkuta bibi wa Profesa amewafundisha watoto kumpisha mtu mzima akipita, na somo lilikuwa limeeleweka, kwa maana wote walisimama. Mwalimu Mkuu alijiweka mbele ya ubao.

"Nani ana malalamiko?"

Dereva alisogea hatua moja. "Mimi. Nimetoka kazini nimechoka, nafika nyumbani, nakuta kifaa changu hakipo."

"Kifaa gani?"

"Kifaa cha umeme."

"Cha kazi?"

Dereva alikohoa. "Si cha kazi moja kwa moja."

"Rimoti," Bondia alisaidia. "Mwalimu alisema kitu ambacho hatuwezi kukaa bila hicho. Nikafikiri sana. Nikaona ni rimoti, maana mama akisafiri, baba, hukasiriki hivyo."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Dereva alitazama dari, akatazama viatu vyake, mwishowe akamtazama mwanawe, na ilikuwa dhahiri kwamba jambo hilo hakuwahi kuambiwa.

"Kwa hiyo unalalamika," Mwalimu Mkuu alisema, "kwamba umenyang'anywa rimoti. Nichukue hatua?"

"Silalamiki. Nilikuwa napita tu."

"Unapita katikati ya darasa?" bibi wa Profesa aliuliza kutoka nyuma.

Dereva aliichukua rimoti yake, akaificha ndani ya koti, akarudi ukutani.

Mama Mkate hakuwa mtu wa kutishika na vicheko. "Mimi nasema wazi," alianza. "Nimesimama nje ya duka langu mwenyewe kama mwizi. Mikate ya asubuhi imeletwa, imewekwa chini. Wateja wangu wameenda kwa yule wa upande wa pili, yule anayeuza mikate ya juzi. Huyu mwalimu ni mtoto mzuri, lakini biashara ni biashara. Nami nataka..."

Alikuwa amechukua shada la funguo kutoka mezani na kuligeuzageuza. "Mkate, mbona na za akiba zimo humu?"

"Zote zilikuwa kwenye msumari mmoja, mama."

"Zile za akiba nilisema nitampelekea shangazi yako."

"Ulisema tangu wakati wa sikukuu."

Mama Mkate alizishika funguo zile kwa muda. Mtu yeyote aliyekuwa karibu naye aliweza kuona anavyoiwaza nyumba yake, mlango wake, na msumari ule mmoja ndani ya mlango. Siku nyumba ikiungua, duka nalo lingebaki limefungwa, na kufuli lake halikuwa la kuvunjwa na mtu mmoja.

"Basi malalamiko yako ni dhidi ya nani?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Mwalimu au mtoto?"

"Dhidi ya msumari," bibi alijibu kwa niaba yake.

"Siwezi kuushitaki msumari wangu," Mama Mkate alisema taratibu. "Niacheni niende. Mikate iko chini." Alipofika mlangoni aligeuka. "Mkate, leo jioni utazipeleka wewe za akiba kwa shangazi. Mimi nitasahau tena."

Alibaki mzee mwenye leso.

"Na wewe, mzee wetu? Umekuja kulalamika?"

Mzee alitikisa kichwa.

"Umekuja kwa jambo gani?"

Mzee alimnyooshea kidole mjukuu wake, kisha akanyooshea kidole hewani, kisha akakata tamaa. Mwalimu Filimbi alimsogelea, akampa kikombe kikiwa kimefungwa ndani ya mtandio wake mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikika, "Babu, hii hapa dawa yako ya kikohozi."

Mzee aligeukia ubao. Bega moja lilicheza kidogo. Alipogeuka tena, tabasamu lake lilikuwa limerudi mahali pake, jeupe, kamili.

"Nimekuja kumsalimia mjukuu wangu," alisema.

Mwalimu Filimbi alimtupia bibi wa Profesa jicho la kuomba. Bibi alikuwa ameshafungua mdomo. Aliufunga. Akaufungua tena.

"Meno mazuri hayo, mzee mwenzangu."

"Ni kutokula sukari, bibie. Hilo tu."

"Ndiyo maana," bibi alisema, na aliyetaka kujua jinsi maneno hayo mawili yalivyomgharimu angemtazama mikono, iliyokuwa imeubana mkoba kama embe linalokamuliwa.

Mwalimu Mkuu alipangusa miwani yake, akaivaa tena. "Basi hakuna malalamiko."

"Yapo," bibi alisema. "Mimi ninalalamika."

Mwalimu Filimbi aliishika filimbi yake shingoni.

"Nilisema mzazi," Mwalimu Mkuu alimkumbusha.

"Nimemzaa aliyemzaa huyu. Kama huo si uzazi, niambie unaitwaje." Bibi alisimama kwa kumshika Profesa begani. "Asubuhi mtoto huyu alinishika mkono, akaniambia tunatoka. Nikatoka. Tumefika kwenye ngazi, nikakumbuka fimbo yangu ya kutembelea iko mlangoni. Namwambia turudi. Ananiambia, bibi, mwalimu amekataza kurudi kuchukua kitu chochote. Nimeshuka ngazi za ghorofa mbili nimekumbatia ukuta. Rangi yote ya ukuta iko kwenye gauni langu, tazama. Mwalimu huyu anawafundisha wenye miguu yao. Sisi wenye mguu wa mbao tunatokaje?"

Kila mtu alimtazama mwalimu. Kanuni ile alikuwa ameisema kila wiki kwa fahari, na kila wiki alikuwa akiwaona mbele yake watoto wa miaka minane tu.

"Sikulifikiria hilo, bibi," alisema. "Nilifundisha vibaya. Nisamehe."

"Nakusamehe, lakini malalamiko yangu yako palepale."

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kula maneno yake, na wote waliokuwamo walilijua hilo. Karani alishika penseli juu ya karatasi.

"Nilisema mzazi akilalamika, kipindi kinarudi kwenye hisabati," alianza.

"Ndiyo, mwalimu," Mwalimu Filimbi alijibu, na sauti yake haikufika mbali.

"Nilikuwa na maana ya mzazi anayetaka somo liondoke. Bibi, unataka somo liondoke?"

"Liondoke liende wapi? Nimesema limepungua. Sahani ikipungua, mtu hataki sahani iondolewe mezani."

"Basi hilo si lalamiko. Hilo ni ombi la kuongezewa, na maombi sikuyawekea sharti." Mwalimu Mkuu alimgeukia Mwalimu Filimbi. "Lakini safari ijayo, ukitaka walete maji na tochi, sema maji na tochi. Hawa si wanafunzi wa chuo. Hawa wanasikiliza."

"Nitasema, mwalimu."

Dereva, aliyekuwa bado ukutani, aliinua mkono kama mtoto wa darasa hilo. "Samahani. Na hii rimoti, mtu anaiacha iungue?"

"Inaungua," darasa zima lilimjibu.

Bibi alikuwa ameshaanza kuelekea mlangoni, mkono mmoja kwa Profesa, mkono wa pili ukipapasa hewani, ukitafuta cha kushika. Mwalimu Filimbi alimpa mkono wake. Bibi aliupima uzito, kama mtu anayenunua kuni, akaukubali.

"Jumatano nije saa ngapi?"

"Kipindi cha kwanza, bibi."

"Na mtu akiniambia niache fimbo?"

"Njoo nayo," mwalimu alisema. "Tutaanza na hiyo."